Masharti ya Injini ya Tatu

Nilikiona kiraka kwanza.

Kabla sijamwona mtu, kabla ya tairi wala tangi lililobabuka rangi, niliona kiraka cha turubai ya kijani kwenye kiti cha pikipiki. Kilishonwa kwa uzi mnene wa viatu, na pembeni mishono ilipandana mahali sindano ilipovunjika. Mishono ile naijua hata gizani. Ni ya mama.

Pikipiki ya baba ilikuwa inasukumwa kuingia gereji kwetu. Aliyeisukuma alikuwa baba mdogo.

Kwa wanaoanza nami leo, niseme kwa kifupi. Baba alikufa nikiwa darasa la tano. Baada ya mazishi baba mdogo alichukua nyumba, akachukua pikipiki, akaniachia jina. Jina lenyewe ni Bubu. Shule nayo ikaishia hapo, kwa sababu alisema hakuna faida ya kumsomesha mtoto asiyesema. Mimi na mama tukahamia chumba kimoja nyuma ya maduka ya mbao, mama akishona maturubai. Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyofukuzwa kazi ya kuosha vyombo, na jinsi Fundi Taratibu alivyoniokota nikaoshe injini badala ya sahani.

Basi siku ile nilikuwa nimechuchumaa na karai la mafuta ya taa, nasugua kabureta.

"Fundi!" baba mdogo aliita. "Nimekuletea mgonjwa."

Fundi Taratibu aliinama, akatazama ubavu wa injini. Palikuwa na tundu la kuingia ngumi.

"Taratibu, mzee. Huyu si mgonjwa, ni maiti. Uliiendesha bila oili?"

"Oili, oili! Chombo cha kaka yangu hiki, cha zamani, cha chuma halisi. Hakikuwa na haja ya kubembelezwa."

"Injini hii haifufuki. Itabidi tukutafutie nyingine."

Hapo ndipo jicho la baba mdogo liliponiangukia. Alinitazama juu hadi chini, akapiga makofi.

"Ala! Bubu! Kumbe huku ndiko ulikojificha? Fundi, umepata mfanyakazi wa maana. Huyu hatakusengenya hata siku moja!"

Akacheka mwenyewe. Nilimwamkia. Alikuwa bado anacheka, kwa hiyo hakusikia. Huwa hasikii.

Fundi alizipanga injini tatu juu ya meza ya chuma. Zote nilikuwa nimeziosha mimi. Gereji yetu ina sheria moja tu: aliyeosha injini ndiye anayemwambia mteja masharti yake. Fundi anasema mkono ulioingia ndani ndio unaojua panapouma. Nadhani sheria hiyo aliitunga kwa ajili yangu, nijifunze kusema na watu.

"Hii ya kwanza," alisema Fundi, "ni ndugu wa damu wa hiyo iliyokufa. Imechoka kidogo, ila nikiibadilishia ringi na beringi, itakuzika."

"Itanizika mimi, au nitakuzika wewe?"

Fundi alining'iniza chupa ya petroli juu yake, kama dripu ya hospitali, akapiga kiki. Injini ikaamka kwa sauti ya chini, sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia nikiwa mdogo, baba akikata kona kuingia nyumbani.

"Mbona inakohoa?" baba mdogo alikunja uso. "Mimi nataka watu wajue kwamba napita. Nyingine!"

"Hii ya pili ni ya hizi pikipiki za kubebea abiria. Spea zake hata kwa muuza sukari utazipata. Ila lazima nikate fremu, nichomelee mabano mapya."

Baba mdogo aliweka mkono kifuani.

"Nikate pikipiki ya marehemu kaka yangu? Laana hiyo, Fundi. Sithubutu."

Nilisugua ile kabureta mpaka kucha zikauma. Marehemu kaka yake!

Injini ya tatu ilikuwa ndogo, nyepesi, inang'aa. Fundi alipoipiga kiki ililia mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, ikatoa moshi wa rangi ya bluu.

"Hiyo!" baba mdogo aliruka. "Hiyo ndiyo sauti ya mwanamume!"

"Debe tupu haliachi kuvuma, mzee. Ni injini nzuri, siikatai, na fremu haikatwi. Lakini ina masharti."

"Masharti? Tangu lini ukawa mganga?"

"Nisikilize. Hii si kama hizi za siku hizi. Hii..."

Simu ya baba mdogo ikalia. Akatoka nje akiongea kwa sauti laini, ya kubembeleza, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Niwaeleze hayo masharti, maana mambo yote ya leo yamekaa hapo.

Injini ile haitunzi oili ya pistoni. Chini ina oili kidogo, lakini hiyo ni ya gia tu. Oili ya pistoni lazima uichanganye na petroli yenyewe, kila unapojaza, bila kusahau. Ukiipa petroli tupu haikasiriki. Itakimbia vizuri, hata itakuchekea. Kisha pistoni inakauka, inavimba, inang'ang'ania ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma linafunga ghafla, kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Hapo, ukiwa kwenye tambarare, unaweza kuokoka na michubuko. Kwenye mteremko, Mungu anajua.

Baba mdogo alirudi, meno nje.

"Nimechelewa, Fundi. Nataka Jumamosi iwe tayari. Haya, tumalize." Kisha akanigeukia kwa mzaha. "Na wewe Bubu, ungekuwa wewe ungechagua ipi? Sema basi, usiogope!"

Nilijua ya kumfaa. Ilikuwa ya kwanza. Ingempeleka popote na kumrudisha, hata akiisahau.

Nilinyoosha kidole chenye grisi kuelekea ya tatu.

"Umeona?" baba mdogo alimpiga Fundi begani. "Hata bubu ana masikio!"

Alipoondoka, Fundi alisimama mbele yangu akifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Mwanangu, mbona umemwelekeza kule? Wewe mwenyewe uliniambia ile ni injini ya mtu anayesikiliza."

"Imemkaa vizuri," nilisema.

Alinitazama sana. "Haya. Uliiosha wewe, masharti utamwambia wewe."

Niliitikia kwa kichwa.

Wiki ile nilifanya kazi kama bibi harusi anayejipamba. Nilisaidia kuipandisha injini kwenye fremu, nikakaza kila bolti, nikasafisha plagi, nikapiga ekzosi brashi mpaka nikajiona ndani yake. Sikulegeza hata nati moja. Sikutia mchanga mahali popote. Sikutaka kumdhuru kwa mkono.

Nilitaka kumdhuru kwa kile alichonipa mwenyewe.

Niwaambie alichonipa. Siku baba alipoanguka uani, baba mdogo alikuwa ameiazima pikipiki, yuko kwenye karata na wenzake. Mama alinituma mbio nikamwite. Nilikwenda. Ujumbe nilioagizwa niliufikisha, neno kwa neno. Alinijibu, akarudi kwenye karata zake. Alipomaliza mchezo akapanda pikipiki ile ile akaenda kwenye mambo yake. Baba alikata roho juu ya mkeka, mama akitazama barabara.

Msibani waliulizana. Baba mdogo akalia mbele ya watu wote. "Mtoto alikuja," alisema, "lakini alisimama pale kama kisiki. Hakufungua mdomo. Akageuka akaenda zake. Ningejuaje?"

Nilikuwa mtoto mwenye aibu, kila mtu alijua. Uongo ule ulinikaa kama nguo iliyopimwa kwa fundi. Watu walinitazama, nami nikatazama miguu yao.

Mama hakunipiga. Hakunitukana. Ila tangu siku ile hajanituma tena na neno kwa mtu yeyote. Hata chumvi kwa jirani, huinuka mwenyewe.

Sasa mnanielewa. Mtu aliyeapa mbele ya maiti kwamba sikusema, nilitaka apate kile kimya alichonisingizia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kimya changu kilikuwa na uzito wa nyundo. Nililala nacho, nikaamka nacho. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Nilikuwa na furaha mpaka Fundi akauliza kama nimepata mchumba.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuwa anakwenda kwa mchonga vyuma.

"Tangini kuna mchanganyiko kidogo tu wa kuijaribia," alisema. "Hautamfikisha mbali. Mwambie kabla hajashika ufunguo: kila akijaza, achanganye. Mwambie mara mbili. Yule ni mgumu."

"Sawa, Fundi."

Haukupita muda, baba mdogo akaingia. Alivaa suti. Viatu vilimeremeta, na marashi yake yalishinda harufu ya grisi. Aliizunguka pikipiki, akachungulia pale chini penye kifuniko cha oili ya gia, akakifungua, akachovya kidole.

"Oili ipo. Safi sana. Safari hii hakuna wa kuniambia niliendesha bila oili."

Nilikuwa nimeshika ufunguo. Niwaambieni ukweli: pale moyo ulinisita. Yule alikuwa na pua ya baba. Alipoinama, shingo yake ilikuwa shingo ya baba. Nilifungua mdomo.

"Baba mdogo..."

"Eee! Anasema!" alinyanyuka akicheka. "Ajabu gani hii? Ungeufungua mdomo huo siku ile, kaka yangu angekuwa hai mpaka leo."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kwa huruma kabisa, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka jambo la kweli. Uongo ameusema miaka mingi mpaka umemwotea mizizi, sasa na yeye anakula matunda yake.

"Haya, ulitaka kusema nini?"

Niliufunga mdomo. Nikampa ufunguo.

"Si nilijua!" Alipanda, akapiga kiki, injini ikalia. "Leo nampakia mtu wa thamani, Bubu. Niombee!"

Akatoka kwa kishindo. Moshi wa bluu ulibaki mlangoni. Niliuvuta kwa pua zote mbili.

Nilichota maji, nikanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa naimba. Mimi, naimba! Niliwaza mteremko ule mrefu wa kushukia mtoni, ambao kila anayetoka upande wetu lazima aupitie. Niliwaza suti ile kwenye lami. Sikutaka afe, nadhani. Nilitaka alale barabarani akiwa na akili zake, amwone mtu anayepita, amwite, na mtu yule amwambie, "Nenda, nakuja."

Nilikuwa bado naimba Fundi aliporudi.

"Mteja wako nimempita kituo cha mafuta," alisema, akiweka mfuko wa vyuma chini. "Anajaza tangi lote. Ana raha huyo! Hongera kwenu."

"Hongera ya nini?"

"Binti wewe, usiri gani huo? Kaniambia anampitia mama yako sasa hivi, anampeleka ng'ambo ya mto kwa wazee, wakamalize mambo ya ndoa. Anasema anawarudisha nyumbani kwenu."

Sabuni ikaniponyoka.

Mama aliniambia ana safari Jumamosi. Usiku kucha alikuwa akipinda gauni, nikadhani la mteja. Sikuuliza. Na yeye hakuniambia, kwa nini aniambie? Mimi ni mtu wa kupewa neno?

"Mwanangu," Fundi aliita, sauti imebadilika. "Masharti ulimwambia?"

Sikujibu.

"Nakuuliza. Ulimwambia achanganye?"

Fundi alishika kichwa, akatoa simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mtu aliye juu ya injini ile hawezi kusikia simu.

Nilikimbia. Nilikimbia na ndala moja, nyingine sijui niliiacha wapi. Nilipita maduka ya mbao, watu wakinipisha, mmoja akaniita mwizi. Nilikuwa nasikia injini kabla sijaona kitu. Ilikuwa inalia vizuri. Ilikuwa inacheka.

Mama alikuwa mlangoni na lile gauni, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Miaka mingi sijamwona mzuri namna ile. Ameshika bega la baba mdogo, mguu mmoja umekwisha kukanyaga chuma cha kupandia.

"Mama, usipande!"

Wote wawili waligeuka. Majirani walichungulia. Mimi kupiga kelele ni kama mbuzi kusoma gazeti.

"Nini?" mama aliuliza. "Kuna nini?"

"Injini hiyo... petroli tupu... haiendi na petroli tupu. Lazima ichanganywe na oili. Itafunga. Itawaangusha kwenye mteremko."

Baba mdogo alicheka. "Oili ipo! Nimeichovya kwa kidole changu mwenyewe, na yeye anatazama."

"Ile ni ya gia."

"Ya gia! Leo ni fundi!" Alimgeukia mama, sauti ikawa ile laini ya kwenye simu. "Shemeji, mimi nilikwambia. Mtoto hatafurahi. Ana wivu, na si ajabu, ni mtoto. Kama kulikuwa na tatizo, kwa nini asiniambie pale gereji? Nilimwuliza kabisa, 'Ulitaka kusema nini?' Muulize yeye. Nilimwuliza au sikumwuliza?"

Mama alinitazama. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Umeona?" Baba mdogo alivuta mafuta, injini ikanguruma. "Panda, tunachelewa. Wazee wanasubiri."

"Mama, nakuomba."

"Unaniomba nini?" Mama hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Umekula vumbi la chumba hiki pamoja nami. Leo mlango wa nyumba ya baba yako unafunguliwa, ndipo unapata mdomo? Leo unajua kukimbia na kusema? Siku ile mdomo wako ulikuwa wapi?"

Neno hilo hakuwahi kuniambia. Miaka yote ile hakuwahi. Lilikuwa limekaa kati yetu kama mgeni wa tatu mezani, na mama ndiye aliyemtaja kwanza.

Baba mdogo akaacha kucheka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona anasubiri kusikia nitasema nini.

Mama akajivuta, akakalia kile kiraka, akashika koti la suti kwa mikono miwili. Injini ilikuwa inawaka chini yao. Kila dakika iliyokuwa inawaka, ilikuwa inakauka.

Nilisimama mbele ya gurudumu. Nilishika usukani kwa mikono yangu yenye sabuni. Na jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa sauti, si msibani, si kitandani, si kwa Mungu, nililisema.

"Nilisema, mama. Siku ile nilifika mbio, nikasimama kwenye meza yao ya karata, nikasema: 'Baba mdogo, baba ameanguka, mama anasema lete pikipiki sasa hivi.' Akanijibu: 'Nenda, nakuja.' Siku ile nilisema, mama. Ni leo ndipo niliponyamaza."